Pedali au mashine? Mita ya wati inayofaa joto letu

Kaskazi ikianza, waendesha baiskeli wenzangu hunijia na lalamiko lile lile: mashine ya ndani, ile unayofungia baiskeli ukanyage chumbani, inasema nguvu ya miguu yangu ni wati 193, pedali zenye mita zinasema 204, nishike ipi? Mara nyingi zote mbili zinasema kweli. Pedali hupima pale mguu unapokanyaga. Mashine hupima baada ya mnyororo na giya kula sehemu yao, asilimia 2 hadi 4 hivi, na mnyororo ulioingia mchanga wa Paje hula zaidi.

Uzito, kelele, programu, hayo muulize mwingine. Mimi nauliza kama sifuri ya mita, yaani namba inayoonyesha usipokanyaga, inatulia. Ndani yake mna kihisi kilichobandikwa kwenye chuma, na chuma kikipata joto hutanuka. Chumba cha Mji Mkongwe, mchana wa Februari, feni moja tu: ukiiweka sifuri ikiwa bado baridi, baada ya nusu saa wati zimeshahama. Wewe huoni kosa la mita, unadhani mwili umechoka.

Ndiyo maana chaguo langu la kwanza, bila kusita, ni pedali za Favero Assioma Duo. Zinapima miguu yote miwili, kosa lake ni asilimia 1, hujirekebisha joto likibadilika, na chaji moja hufika saa 50. Pedali hizo hizo unatoka nazo barabara ya Bububu. Ya pili ni mashine ya ndani, Tacx Neo 2T, haihitaji kuwekwa sifuri upya na umeme ukikatika unaendelea kukanyaga. Ya tatu ni mashine pia, Wahoo KICKR Core, kosa asilimia 2. Kanyaga dakika 10 ipate joto kwanza, ndipo uiweke sifuri upya.

Mita za mguu wa kushoto peke yake hupima mguu huo kisha huzidisha mara mbili, na miguu ya watu wengi hailingani. Mashine za kubana tairi la nyuma, ukitafuta wati, ziache.

Wanaoniudhi ni wauzaji. Waulize kosa la kipimo ni asilimia ngapi, jibu ni "orijino hiyo, dada." Bei kwa dola, mzigo juu yake, ushuru juu yake, kisha sanduku linafika limeshafunguliwa, waya wa chaji haumo, na ukidai unaambiwa uwaandikie watengenezaji Italia. Mtu amejinyima miezi kwa pesa ile! Muuzaji akufungulie mbele yako, aiweke sifuri, uione namba, ndipo uhesabu noti.