Tutu Ipi Umnunulie Mchezaji Wako? Nimezipanga Kuanzia Inayofaa Zaidi

Kazi yangu hasa ni magauni ya harusi. Lakini neti ni neti, na shule za dansi za Nairobi zikishatangaza onyesho la Desemba, kina mama huanza kuingia kibandani kwangu mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na picha ile ile kwenye simu: sketi nyeupe iliyotanda kiunoni kama sinia. "Fundi, nataka hii." Namuuliza mtoto ana miaka mingapi. Sita. Basi navuta kiti, tunaongea kwanza.

Tutu, yaani sketi ya neti ya kuchezea baleti, si nguo moja. Ni nguo tatu au nne zilizozaliwa nyakati tofauti, na kila mara pindo lilipopandishwa ni kwa sababu miguu ya mchezaji ilikuwa imepata kazi mpya ya kuonyeshwa. Ukijua miguu ya mwanao imefika wapi darasani, umeshajua sketi yake. Kwa kipimo hicho ndivyo nilivyozipanga. Bei sitaji, maana neti hupanda na dola na hushuka ikijisikia.

1. Tutu ndefu

Hii ndiyo ya kwanza kwangu, na ndiyo mama wa zote. Tarehe 12 Machi 1832, katika Opera ya Paris, Marie Taglioni alipanda jukwaani kucheza La Sylphide, baleti iliyotungwa na baba yake, Filippo. Alikuwa pepo wa msituni, na alivaa bodisi (kipande cha juu cha gauni) ya kubana na sketi nyeupe nyepesi, umbo la kengele, iliyoishia chini ya goti. Taa za jukwaa zilikuwa za gesi, na kitambaa cheupe kilichopangwa tabaka juu ya tabaka kilishika mwanga ule kama ukungu wa alfajiri. Pindo halikuishia pale kwa bahati. Taglioni alikuwa akisimama kwa ncha za vidole, na watu walitaka kuona vifundo vya miguu. Miaka tisa baadaye ikaja baleti ya Giselle, na tangu hapo mzuka wa baleti hujulikana kwa sketi ile.

Kwa mtoto wa miaka sita hadi kumi na moja hakuna inayoishinda. Hutengenezwa kwa neti laini, kwa hiyo hujimwaga yenyewe bila waya. Mtoto akirefuka sentimita tano, sketi bado ni sketi. Hutundikwa kwenye hanga kama gauni lolote, na mdogo wake atairithi. Tena fundi yeyote anayejua kushona gauni la harusi anaweza kuishona, ilimradi umwambie jambo moja: marinda yasianzie kiunoni, yaanzie nyongani, chini ya mkanda mpana uliobana tumbo. Yakianzia kiunoni, mtoto mwembamba kama ufito anageuka pipa.

Dukani, kunja neti ndani ya ngumi, hesabu hadi kumi, kisha achia. Nzuri hufunguka polepole. Mbaya hubaki na mikunjo, au hukukwaruza kiganja. Kama imekukwaruza wewe mwenye mikono ya kufua, fikiria mapaja ya mtoto.

2. Nusu tutu ya mazoezi

Hii haina bodisi. Ni chupi, mkanda wa nyonga na marinda magumu, na huvaliwa juu ya leotadi, lile vazi la mazoezi linalobana mwili. Wazazi wengi hawajawahi kuisikia, ilhali kwa binti wa miaka kumi na mbili na kuendelea, ambaye tayari anavaa viatu vya ncha (vile vya kusimamia vidole), ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote.

Sketi iliyotanda hubadilisha kila kitu. Mikono haiwezi tena kuning'inia ubavuni, sharti ielee. Ukitazama chini huioni miguu yako. Mwenzio wa kukushika kiuno inabidi asimame mbali zaidi na anyooshe mikono, la sivyo sketi inainuka nyuma kama mkia wa kuku. Mambo haya hayajifunzwi usiku wa onyesho. Na ukishakuwa na nusu tutu, bodisi unashona baadaye, rangi yoyote, unaziunganisha kwa kulabu, umepata vazi zima.

3. Tutu ya sinia

Sasa ile ya kwenye picha. Wenyewe huiita pancake, chapati ya maji, mimi naona ni sinia. Ilifupishwa mwishoni mwa karne ya 19 huko St Petersburg, Urusi, walipofika wachezaji wa Kiitaliano wenye miguu ya chuma. Virginia Zucchi alikata sketi yake miaka ya 1880, na mwaka 1895 Pierina Legnani akazunguka mara 32 juu ya mguu mmoja katika baleti ya Swan Lake. Mizunguko kama ile ukiifunika kwa kitambaa, umemwibia mtazamaji. Goti na paja vilianza kufanya kazi, basi sketi ikapisha.

Ndani yake mna ufundi ambao picha haionyeshi. Tabaka huwa kumi, hata kumi na mbili, fupi kabisa chini, ndefu juu, na kila moja imeshikizwa na mwenzake kwa nyuzi zilizolegea, kwa mkono. Zikikazwa, sketi inajikunja, na zisiposhikizwa inapepea kila upande. Zile zilizonyooka kabisa hupitishiwa waya wa chuma katika tabaka la kati. Na yote hushonewa kwenye chupi, jambo linalonifurahisha, kwa kuwa neno lenyewe tutu inasemekana lilitokana na neno la watoto wa Kifaransa la kutajia makalio.

Usiinunue mtandaoni. Mwaka juzi nililetewa moja nirekebishe: mama aliiagiza kutoka ng'ambo, ikafika imekunjwa ndani ya mfuko wenye ukubwa wa mkate. Waya ulikuwa umepinda umbo la nane. Niliufumua wote, na malipo ya kuufumua yangetosha kuanzia mpya. Hii hushonwa kwa vipimo, na kipimo kikuu si kiuno. Ni kile cha kutoka begani, kupita katikati ya miguu, hadi begani tena. Kikikosewa, mtoto akiinua mikono bodisi inampandia shingoni.

Mgongoni dai kulabu zenye safu mbili au tatu, usikubali zipu. Vikundi vikubwa hufanya hivyo ili vazi moja livaliwe na wachezaji wenye miili tofauti, na kwako maana yake ni misimu miwili zaidi kabla mtoto hajaikimbia.

Na rangi jamani. Kibandiko kikisema "rangi ya mwili" kwenye kanda za mabega au soksi ndefu, mwili unaozungumziwa ni wa waridi. Nunua inayolingana na mtoto, au chovya ile ya waridi kwenye chai ya rangi nzito ukiijaribu kidogo kidogo. Si ushamba. Dance Theatre of Harlem, kikundi cha baleti cha wachezaji weusi cha New York, kilichoanzishwa mwaka 1969 na Arthur Mitchell na Karel Shook, kiliamua tangu miaka ya 1970 kwamba soksi na viatu vifuate ngozi ya mvaaji, maana mguu wa rangi moja huonekana mrefu kutoka nyonga hadi kidole.

4. Tutu laini isiyo na waya

Barbara Karinska, fundi wa mavazi ya jukwaani, aliibuni kwa ajili ya wachezaji wa mtunzi wa baleti George Balanchine huko New York, ikaonekana katika baleti ya Symphony in C mwaka 1950. Tabaka ni chache, laini, hazina waya, na zimeachwa ziangukie kidogo. Inafaa wakiwa wachezaji wengi kwenye jukwaa dogo, kwani masinia kumi na mawili yakigongana, moja likiinama yote yanainama. Ila hii huamuliwa na mwalimu, siyo mzazi.

5. Ya sherehe

Lastiki kiunoni, vipande vya neti vilivyofungwa mafundo, na nyota zinazopukutika hadi kwenye pilau. Kwa siku ya kuzaliwa sina neno, watoto huipenda kupita kiasi. Kwa darasa la baleti hapana, mwalimu anahitaji kuona nyonga. Kwa darasa, leotadi na sketi fupi ya shifoni ya kuzungushia inatosha.

Lakini nitasema hili kila mara. Novemba 1862, Emma Livry, mwanafunzi wa Taglioni yuleyule, alikuwa mazoezini Opera ya Paris sketi yake iliposhika moto wa taa ya gesi. Dawa ya kuzuia moto ilikuwapo, naye alikuwa ameikataa kwa sababu iliikakamaza sketi na kuifubaza. Alifariki mwaka uliofuata, akiwa na miaka 20. Neti ya siku hizi ni ya nailoni, ambayo huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Mshumaa wa keki na tutu vikae pande mbili za meza, na mtoto apulize akiwa amesimama juu ya kiti, ameshikwa.

Ya mitumba, na ya kutunza

Soko la mitumba la Gikomba, Nairobi, huwa zinapatikana, mara chache. Usitazame marinda, hayo hunyooshwa kwa mvuke. Tazama makwapa ya bodisi: kitambaa kikishapasuka kwa jasho hakirudi.

Usiifue kwa mashine. Futa ndani kwa kitambaa kibichi, na harufu ikizidi fanya kama watu wa mavazi ya jukwaani, pulizia vodka upande wa ndani, iache kwenye upepo. Ya sinia usiitundike kwa mabega, itanyauka wiki hiyohiyo. Ipindue, uining'inize kwa chupi yake, marinda yakitazama juu. Desemba kibanda changu huwa na nane au tisa zimening'inia hivyo, na wateja wa harusi wakiingia usiku huinamisha kichwa, wakidhani nafuga popo weupe.