Vifaa vya karakana, dukani au mtandaoni: uzoefu wangu

Nusu ya vifaa vya karakana yangu vimetoka dukani, nusu nimeviagiza mtandaoni. Jiliwa (kibano cha mezani), drili ya kusimama, mashine ya kuchomelea na mawe yote ya grainda nimenunua ana kwa ana. Vernia (rula ya taya ya kupimia unene), biti nyingi za drili, saa ya kupimia (ile yenye mshale unaoonyesha kitu kimeyumba kiasi gani), beringi za akiba na grainda ndogo vililetwa hadi mlangoni. Wanaoniuliza huanza na bei: wapi ni nafuu? Bei inapanda na kushuka pande zote mbili, na mara nyingi tofauti humezwa na gharama ya usafirishaji. Ninachokitazama mimi ni kingine. Kifaa kikiwa kibovu, ubovu wake umejificha wapi? Kuna vifaa vinavyodanganya kwa mwili na kuna vinavyodanganya kwa maandishi. Vya kwanza vinakamatwa kwa mkono, kwa hiyo navifuata dukani. Vya pili vinakamatwa kwa kusoma, na kusoma kunahitaji utulivu ambao muuzaji anayesubiri hela hawezi kukupa.

Jiliwa ni mfano ulio wazi kuliko yote. Kwenye picha majiliwa yote yanafanana: rangi ya bluu, taya zinazong'aa, maelezo yanayosema ni imara. Dukani niliyakuta kadhaa ya taya za milimita 125, na kwa muda mfupi tu tofauti zikaanza kujitokeza. Nililifungua kila moja hadi karibu na mwisho, nikashika taya inayotembea na kuitikisa kulia na kushoto, kisha juu na chini. Moja lilicheza mpaka nikasikia chuma kikigongana. Nikabana kipande cha karatasi kwenye kona hii, kisha kwenye kona ile, huku nikivuta. Karatasi ikishikwa upande mmoja na kuchomoka upande wa pili, ujue taya hazikai sambamba. Nikainama kuchungulia skrubu na nati yake kwa chini, maana hapo ndipo wanapobania gharama, wakijua wengi hawainami. Halafu uzito. Ukubwa wa taya ni uleule, lakini moja nililiinua kwa mkono mmoja na jingine likanitaka nikunje magoti. Nikaondoka na hilo zito. Mtandaoni wangeniandikia kilo, ndiyo, lakini mara nyingi kilo hizo ni pamoja na boksi.

Drili ya kusimama ni hivyohivyo, ila hapa nilibeba silaha. Saa ya kupimia yenye kishikizo cha sumaku inaingia kwenye mkoba bila shida. Niliomba drili iwekwe sawasawa, nikafunga kwenye kichwa chake biti mpya iliyonyooka, nikaegesha saa kwenye sehemu laini ya biti na kuuzungusha mhimili kwa mkono. Kwenye drili ya kwanza mshale ulitembea zaidi ya robo ya milimita. Ya pili, muundo uleule, boksi lileile, kiwanda kilekile, haukufika hata sehemu moja ya kumi. Hilo ndilo jambo la kushangaza kuhusu mashine za bei ya kati: hununui muundo, unanunua ile moja iliyoko mbele yako. Maoni ya mtu aliyepata nzuri hayakuhakikishii wewe utapata nzuri. Baada ya hapo niliteremsha mhimili hadi mwisho wake na kuusukuma pembeni, kisha nikaweka skwea kwenye meza kuona kama inasimama nyuzi 90 na biti. Meza inarekebishika, mhimili uliolegea haurekebishiki kirahisi.

Kuna na suala la kurudisha. Drili ya kusimama ina uzito wa makumi ya kilo, na makampuni ya kusafirisha vifurushi kwa ndege hayahesabu uzito tu, yanahesabu na nafasi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha wengi hugawanya kwa 5,000. Boksi la sentimita 60 kwa 40 kwa 50 linatozwa kama kilo 24 hata likiwa na pamba. Ukishajua hesabu hiyo, ile ahadi ya "rudisha ukiwa hujaridhika" unaanza kuisoma kwa jicho jingine, hasa pale gharama ya kurudisha inapomwangukia mnunuzi. Vernia nairudisha bila kufikiri. Drili nitaishi nayo.

Lakini maduka nayo yana uongo wake, na uongo wake mkubwa ni wa maandishi. Nilipokwenda kutafuta mashine ya kuchomelea, ubavuni mwake iliandikwa 300 kwa namba kubwa nyekundu, na muuzaji akazisoma kama mtu anayesoma cheti: "Ampea mia tatu hii." Nikageuza kutazama kibandiko cha nyuma. Mashine ya kijiti inayotoa ampea 300 inakadiriwa kwa volti 32 upande wa kutolea, yaani wati 9,600. Kwa umeme wa volti 230 unahitaji zaidi ya ampea 41 za kuingia, hata kabla ya kuhesabu kinachopotea kwa joto. Waya wake ulikuwa na plagi ya ampea 16. Hesabu haikubali.

Sikuinunua. Nilirudi nyumbani nikatafuta vitabu vya maelezo vya mashine nyingine, na hapo mtandao hauna mpinzani. Unakaa, unasoma, unalinganisha, hakuna anayekukohoa mgongoni. Kitu cha kutafuta ni ule mstari wa asilimia, unaosema mashine inaweza kuchomelea kwa muda gani kabla ya kupumzishwa. Kipimo chake ni cha dakika kumi, kwa joto la nyuzi 40: mashine ikiandikwa ampea 160 kwa asilimia 20, maana yake unachomelea dakika mbili na kuipumzisha nane. Hiyohiyo, ukitaka kufanya kazi dakika sita katika kumi, itakupa kama ampea 92. Kwa kijiti cha milimita 2.5 inatosha. Kwa 3.2 inaanza kubanwa. Kisha nikaenda duka jingine kununua mashine niliyokwisha kuichagua kwenye karatasi, nikamwomba muuzaji vijiti vya 3.2 na kipande cha chuma chakavu, nikachoma kimoja baada ya kingine bila kupumzika nikiona kama italalamika. Haikulalamika. Kwa hiyo ukiniuliza mashine hii niliinunua wapi, jibu langu la kweli ni kwamba niliichagua mtandaoni na kuihakiki dukani.

Mahali ambapo sirudi dukani kabisa ni kwenye biti. Seti za dukani karibu zote huenda kwa nusu milimita, 1 hadi 10 au 1 hadi 13. Zinafaa kwa matundu ya kawaida. Siku unataka kukata nyuzi za skrubu ya M5, yaani ya milimita 5, unahitaji tundu la 4.2; kwa M8 unahitaji 6.8, kwa M4 ni 3.3. Hakuna hata moja kati ya hizo kwenye seti ya nusu nusu, na nikiziulizia kaunta naambiwa nichukue 4 halafu "nichezeshe mkono kidogo". Mtandaoni nanunua moja moja kwa ukubwa ninaoutaka. Zaidi ya hapo, muuzaji mzuri wa mtandaoni anataja chuma chenyewe: 4241 ni ya hali ya chini, 6542 ndicho kile chuma cha M2 cha siku zote (hapa M ni daraja la chuma, si ukubwa wa skrubu), M35 ina kobalti asilimia 5 na inavumilia chuma kisichoshika kutu. Dukani nilionyeshwa biti za rangi ya dhahabu. Za chuma gani? "Za dhahabu." Rangi hiyo ikiwa kweli ni utando wa nitridi ya titani inasaidia, lakini rangi ya dhahabu juu ya chuma laini ni rangi tu.

Vernia pia niliagiza, na ilipofika niliijaribu kwa beringi. Ujanja huu sijui kwa nini hausemwi zaidi: beringi mpya ya kampuni inayoaminika imetengenezwa kwa usahihi unaohesabiwa kwa sehemu za elfu za milimita, kwa hiyo ni kipimo cha bei ya chini. Ya namba 608 nje yake ni milimita 22, ya 6204 ni 47. Vernia yangu ilisoma 22.00 na 46.98. Kwa kazi zangu, safi.

Beringi zenyewe naziagiza kwa namba, maana namba ni lugha moja kila mahali; 6203 ni tundu la 17, nje 40, unene 12, atakayekuuzia awe nani. Shida ni feki. Watengenezaji wakubwa wenyewe hutoa tahadhari kuhusu beringi bandia zenye jina lao, na boksi bandia linapigwa picha vizuri tu. Hizi nazinunua kwa wasambazaji wanaotajwa na mtengenezaji, si kwa anayeuza beringi, viatu na vifuniko vya simu kwenye ukurasa mmoja.

Grainda ndogo ndiyo iliyonisumbua. Maelezo yalisema volti 220, kifaa kikafika na kibandiko cha volti 110 na hezi 60. Nilipiga picha kibandiko kabla ya kuchomeka popote, nikatuma pamoja na picha ya tangazo lake, hela ikarudi baada ya kuvutana kidogo. Iliyofuata ilikuwa sahihi na bado inafanya kazi, lakini swichi yake ilipokufa muuzaji alikuwa hayupo tena, na jina lililochapwa ubavuni halikuwa la mtu yeyote niliyeweza kumpata. Swichi inayofanana niliipata duka la mtaani, kwenye droo, katikati ya kaboni (vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota na kulika kwa matumizi) na kapasita za kila aina. Tangu hapo nina jaribio moja kabla ya kununua kifaa chochote chenye mota dukani: naomba kaboni za mashine hiyo, leo, kabla sijalipa. Akifungua droo, tunaendelea kuongea. Akisema "hizi haziharibiki", naaga.

Mawe ya grainda siagizi. Yale ya kukatia yameshikwa kwa gundi inayozeeka, na tarehe ya mwisho imechapwa kwenye pete ya chuma ya katikati, kwa kawaida miaka 3 tangu kutengenezwa. Dukani naisoma kwa macho yangu, naligeuza jiwe kutafuta ufa. Na duka la jirani lina mawe yaliyokaa dirishani juani tangu sijui lini, kwa hiyo kuwa dukani peke yake si kinga. Kasi nayo isomwe. Jiwe la kipenyo cha milimita 230 limeandikwa mizunguko 6,650 kwa dakika, la 115 limeandikwa 13,300, na wapo wanaotoa kinga ya grainda ndogo ili waingize jiwe kubwa. Nisingependa kusimama karibu nao.

Kuhusu nyota za mtandaoni nina neno fupi. Nasoma za watu waliotoa tatu, wenye picha, wanaosema wameshatumia miezi. Na nikikuta maoni ya pasi ya nguo chini ya tangazo la drili, natoka.

Kinachonikera upande wa maduka ni wale wasiokubali boksi lifunguliwe. "Ukifungua umenunua." Sasa nimekuja kufanya nini? Duka la namna hiyo ni mtandao wenye paa: bei ya kaunta, uhakika wa picha. Lile ninaloliendea mimi lina soketi ya majaribio ukutani na chuma chakavu chini ya meza, na ndiyo maana navumilia bei yake kuwa juu kidogo.

Sasa natafuta kompresa ya hewa. Karatasini wanapenda kuandika hewa inayoingia kwenye pistoni, si inayotoka kwenye bomba, na tofauti ni kubwa. Lakini hii inapimika palepale: tangi la lita 50 likijaa kutoka sifuri hadi shinikizo la baa 8 kwa dakika nne, ni lita 50 mara 8 gawa kwa 4, yaani kama lita 100 kwa dakika. Nimekwisha kumwambia muuzaji nitakuja na saa. Akikubali kuiwasha nitanunua kwake. Akikataa, nitaiagiza, kwa sababu hapo tutakuwa tumelingana.