Shoo ya wafanyakazi wa serikali waliofukuzwa kisa ushoga, nimeiona hapa Ottawa

Mi sio mtu wa haya maigizo ya kujirusha na kugaragara chini, nilienda kwa sababu ya mada. Serikali ya Kanada kuanzia miaka ya 50 mpaka 90 mwanzoni ilikuwa inafukuza wafanyakazi wake, maofisini, jeshini, polisi, kisa ni mashoga au wasagaji, wengine walihisiwa tu. Kisingizio Vita Baridi, eti Mrusi akiijua siri yako atakubana umpe na za nchi. Polisi wa taifa, RCMP, wakafungua mafaili mpaka mwisho wa miaka ya 60 wana majina zaidi ya 9,000, na serikali ikamtumia profesa wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Carleton, Frank Robert Wake, kutafuta kipimo cha kuwagundua. Unakalishwa kwenye kiti kama cha daktari wa meno, unaonyeshwa picha, nyingine za watu uchi, huku kamera inaipiga picha mboni ya jicho waone kama inapanuka. Na anayepimwa anaambiwa ni kipimo cha stresi tu!

Sasa stejini hakuna mashine yoyote, mashine ni watu. Waigizaji wanajikunja wanakuwa kiti, mwingine anamwachanisha kope yule aliyekaa kwa vidole viwili, na jamaa anakaza asipepese, mi nilikuwa safu za mbele nikaona machozi yanamchuruzika na mishipa ya shingo imesimama, yaani hasemi neno. Hapo ndo nikaelewa kwa nini wameacha maneno, maana hata wale wapimaji hawakutaka maneno ya mtu, mdomo unaweza kukana wao wakataka jicho na jasho viseme. Na ujinga wenyewe mboni inabadilika hata mwanga ukibadilika, kwa hiyo mashine haikufanya kazi, hela za utafiti zikakatwa 1967, ila watu waliendelea kufukuzwa kama kawaida.

Ile ya ofisini nayo kali sana, wote wanagonga mihuri kwa mdundo mmoja, mmoja akichelewa kidogo tu shingo zote zinageuka.

Ambacho sijapenda ni mwishoni, wanaweka sauti ya kurekodi inasimulia Justin Trudeau, waziri mkuu wa wakati huo, alivyoomba radhi bungeni Novemba 2017 na kesi ya fidia ya waliofukuzwa, ndefuuu, waigizaji wamesimama tu kama wanasubiri basi. Halafu Michelle Douglas, mwanajeshi aliyefukuzwa 1989 akaishtaki serikali na 1992 jeshi likafuta ile sera, wamempitia haraka haraka mno, jamani yule dada ni shoo nzima peke yake!

Hakuna mapumziko katikati na viti ni mabenchi bila mgongo, kama kiuno kinakusumbua wahi safu ya nyuma kabisa uegemee ukuta. Kiingereza hata kama hakipandi nenda tu, maneno yenyewe machache.