Fundi wa Luthuli Avenue na Wi-Fi Iliyokatika Kila Saa Tatu Usiku

Kwa muda wa wiki tano kompyuta yangu ya mezani ilikuwa ikipoteza intaneti kila ifikapo saa tatu usiku au dakika chache baadaye, na kila nilipoipigia simu kampuni inayoniletea huduma nilijibiwa kwamba hiyo ndiyo saa ambayo mtaa wetu mzima wa Donholm, Nairobi, umo mtandaoni, kwa hiyo nizime ruta, nisubiri kidogo, kisha niiwashe. Niliizima na kuiwasha hadi kitufe chake kikalegea. Maelezo hayo yaliniingia akilini kwa kuwa saa zilikubaliana nayo, nami sikuwahi kujiuliza ni kitu gani kingine humu nyumbani kinachoanza kazi saa tatu.

Mwishowe nilipeleka shida hiyo kwenye duka lililo ghorofani katika jengo moja la Luthuli Avenue, katikati ya jiji, na duka hilo lina pande mbili zinazostahili kupimwa mbalimbali: mbele kuna kaunta ya muuzaji, nyuma kuna meza ya fundi. Kabla sijamaliza kueleza shida yangu, muuzaji alikwisha kuniwekea kaunta kifaa cha kuongezea mawimbi cha shilingi 4,500, akaanza kuandika risiti. Fundi, aliyekuwa akichomelea waya huko nyuma, aliuliza bila kuinua macho: "Mzee, na simu yako hukatika saa hiyo hiyo?" Nikamjibu kwamba simu haina shida. "Basi usinunue hicho bado." Muuzaji hakufurahi.

Tulikubaliana afike kwangu saa kumi na mbili jioni. Alifika saa mbili na nusu, akilaumu msongamano wa Barabara ya Jogoo, na ingawa nilikuwa nimekasirika, kuchelewa kwake kulitufaa kwa sababu tatizo lilimkuta akiwa kitini.

Hakugusa mpangilio wowote. Alifungua dirisha jeusi la amri, akaiagiza kompyuta itume pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data, mfululizo, si kwenye intaneti, bali kwa ruta yenyewe, kwenye anwani 192.168.1.1. Kati ya kompyuta na ruta, alinieleza, hakuna kitu ila sebule yako. Pakiti zikipotelea hapo, usimlaumu mtu wa nje. Hadi saa tatu kila pakiti ilirudi kwa milisekunde mbili au tatu. Saa tatu na dakika mbili majibu yalianza kukosekana, kwanza moja moja, halafu matano kwa mpigo. Akachomeka kebo kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta, na pakiti zote zikarudi. Kisha akaweka simu yangu juu ya kasha la kompyuta, lakini kwanza akaihamishia kwenye mtandao wa gigahezi 2.4, kwa kuwa ruta yangu hutoa mitandao miwili na simu ilikuwa imezoea ule wa gigahezi 5, ambao adapta ya kompyuta yangu, yaani kile kifaa kidogo cha kupokelea Wi-Fi, haiufikii. Bila hatua hiyo tungekuwa tumelinganisha vitu visivyolingana. Simu ilifanya kazi vizuri palepale.

Zilibaki kompyuta na adapta yake. Fundi alipiga magoti nyuma ya kasha akimulika kwa tochi, akaikuta ile adapta ndogo, isiyozidi ukucha wa kidole gumba, imebanana katika tundu la bluu la USB, na tundu la jirani lina diski ya nje ambayo kila usiku saa tatu hunakili picha zangu. Ratiba hiyo niliipanga mwenyewe, wiki tano zilizopita. Akaichomoa diski, pakiti zikarudi. Akaichomeka na kuiacha inakili, zikapotea. Alirudia mara tatu huku nikitazama, na sijui ushahidi gani mwingine mteja angehitaji.

Sababu yake si ya kubuni. USB 3.0 husafirisha data kwa kasi ya hadi gigabiti 5 kwa sekunde, na kasi hiyo huzua kelele ya umeme inayoangukia masafa yale yale ya gigahezi 2.4 ambayo adapta hutegemea kusikilizia; kampuni ya Intel ilichapisha maelezo ya jambo hili mwaka 2012. Adapta yangu ilikuwa kama mtu anayetega sikio kwenye redio akiwa ameketi ubavuni mwa kinu cha posho. Kifaa cha kuongeza mawimbi nilichokaribia kukinunua kisingekizima kinu hicho.

Tiba ilikuwa kebo ya USB ya kurefushia, mita moja na nusu, kwa shilingi 300. Sasa adapta imekaa juu ya meza, imeunganishwa na tundu jeusi la USB 2.0 lililo mbele ya kasha, na diski imebaki nyuma. Pakiti 500 zilitumwa wakati diski inanakili, na hakuna iliyopotea. Kabla ya kuondoka alihamisha ruta kutoka chaneli ya 4 ya Wi-Fi, ambayo huingiliana na majirani wanaotumia chaneli ya 1 na wale wa chaneli ya 6 kwa pamoja, akaiweka kwenye chaneli ya 11 iliyokuwa na watu wachache zaidi katika ghorofa letu.

Nina malalamiko mawili mbali na kuchelewa. Aliiona nywila ya kuingilia mipangilio ya ruta ikiwa bado ile ya kiwandani, iliyobandikwa chini yake, wala hakunishauri niibadilishe. Nilifanya hivyo mwenyewe kesho yake. Tena hakuandika popote alichokibadilisha, na risiti niliyopewa ni ya kebo tu, ilhali kazi ya kuja nyumbani ilinigharimu shilingi 1,500.

Fundi ninampa nyota nne kati ya tano, kaunta nyota mbili. Ukienda, pita muuzaji, uende moja kwa moja kwenye meza ya nyuma, na umwambie tatizo lako hutokea saa ngapi kabla ya kumwambia jambo lingine lolote.