Archive.org kama maktaba: rivyu ya msomaji wa Kiswahili mwenye bando la kubana

Wadau, kila nikiingia kwenye magrupu ya vitabu nakuta mtu anauliza "vitabu vya bure nadaunlodi wapi" na mwingine anamjibu "ingia archive.org" alafu kimya, hakuna anaesema ukifika huko utakuta nini na utakosa nini. Mi ndio maktaba yangu ya usiku hiyo kwa hiyo ngoja niichambue. Nyota nne kwa vitabu vya zamani, mbili kwa vitabu vipya, na hizo mbili wala sio kosa lao peke yao, ntaeleza.

Kwa asiyeijua, archive.org ni tovuti ya Internet Archive, shirika la Marekani lisilo la faida, alilianzisha Brewster Kahle mwaka 1996, makao yake yako San Francisco ndani ya jengo lililokuwa kanisa. Wengi wanaijua kwa Wayback Machine, ile ya kufufua tovuti zilizokufa, na hiyo nayo ni tamu sana ukitaka habari ya gazeti ambayo imeshafutwa. Upande wa vitabu mlango wake ni Open Library. Akaunti bure, imeili tu.

Skani zao nyingi zimefanywa kwa mkono, yaani kitabu kinalazwa kwenye kitanda chenye umbo la V, kioo kinashuka kubana kurasa, kamera mbili zinapiga, mtu ananyanyua kioo anafunua ukurasa mwingine, hivo hivo mpaka kitabu kiishe. Ndio maana kwenye skani mara unakutana na ncha ya kidole, muhuri wa chuo cha ng'ambo, au kile kimfuko cha kadi ya kuazimia kimebandikwa jalada la nyuma. Kuna watu inawakera. Mi napenda, unajua kabisa hiki kitabu kimepita mikononi mwa watu.

Sasa utamu wenyewe. Vitabu ambavyo hakimiliki yake imeisha unasoma bila kuazima na unapakua unavyotaka. Kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Krapf ya mwaka 1882 ipo, ile aliyoiandaa kutokana na miaka yake ya Mombasa na ikatoka yeye mwenyewe ameshafariki. Hadithi alizokusanya mmisionari Steere Unguja akazitoa 1870 zipo pia, humo ndio kuna Punda wa Dobi, ile ya kima na papa ambayo bibi zetu walitusimulia bila kujua kama kuna mzungu aliiandika. Kitabu hicho kimepangwa Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaotazamana nao, kwa hiyo laza simu uchague kurasa mbili kwa pamoja, ukiisimamisha unapata lugha moja moja na utamu wa kulinganisha unapotea. Ukitafuta neno ndani ya kitabu jaribu tahajia za kizamani pia, maana zile za enzi zao sio zetu, na mashine iliyosoma herufi kwenye skani haikufundishwa Kiswahili vizuri, inakusomea "m" kama "rn" na mambo kama hayo. Kuna na kitufe cha kusomewa kwa sauti. Kama simu yako haina sauti ya Kiswahili achana nacho, utasikia kisa cha sultani kinasomwa kama mtalii anaagiza chapati Forodhani.

Vitabu vipya ndio shughuli. Utaratibu wao ulikuwa kama maktaba ya kawaida, wana nakala moja ya karatasi wanaazimisha skani moja kwa mtu mmoja, vingine saa moja tu unaongeza tena, vingine siku 14. Machi 2020 korona ilipofunga maktaba wakaondoa foleni, watu wengi wakaweza kuazima kitabu kile kile kwa pamoja, na Juni mwaka huo huo wachapishaji wanne wakubwa, Hachette, HarperCollins, Wiley na Penguin Random House, wakawapeleka mahakamani. Archive ikashindwa Machi 2023, ikakata rufaa ikashindwa tena Septemba 2024. Shirika lenyewe lilisema vitabu zaidi ya 500,000 vimetolewa kwenye kuazimwa. Kwa hiyo siku hizi unatafuta kitabu, jalada unaliona, kitufe cha kuazima hakuna, au kimeachwa kwa wasomaji wenye ulemavu wa kuona na kusoma tu. Wachapishaji nawaelewa kidogo, mwandishi nae anakula. Lakini hao hao ndio wanaouzia maktaba vitabu vya kidijitali kwa leseni ya kuisha, HarperCollins mwaka 2011 walileta ile ya kitabu kuazimwa mara 26 kisha maktaba inunue upya, wakati kitabu cha karatasi maktaba inakinunua mara moja kinakaa hadi kichakae. Na zile apu nyingine za kuazima vitabu kama Libby ambazo watu wa Marekani wanazisifia, zinataka uwe na kadi ya maktaba iliyojiunga nazo. Mtu wa Tandale kadi ya maktaba ya Chicago anaitoa wapi?

Sasa hapa ndio roho inaniuma. Angalia maandishi ya Kiswahili unayosoma bila kuazima humo ndani: sehemu kubwa yalikusanywa au kuhaririwa na wamisionari na wasomi wa Kizungu wa karne ya 19 na mwanzoni mwa 20, na dibaji zao zinatueleza sisi kwa watu wengine. Riwaya za Tanzania na Kenya za miaka ya 70 na 80 nyingi utakuta jina tu kwenye katalogi, ukibofya hakuna kitu, hakuna aliyeskani. Alafu za sasa zinazunguka kama PDF kwenye WhatsApp, zimepigwa picha na simu, ukurasa wa 40 kivuli cha mkono, mwandishi hapati hata mia. Kwa hiyo anaesema maktaba za matofali zimekwisha kwa sababu kila kitu kiko mtandaoni, muulize kitu gani na cha nani. Maktaba Kuu pale barabara ya Bibi Titi, Dar es Salaam, aliyoifungua Mwalimu Desemba 1967, ina kitu ambacho San Francisco hawana, sheria inawataka wachapishaji wa nchini wapeleke nakala huko. Hizo nakala zikiskaniwa kwa makubaliano na waandishi, hata kama ni kuazima saa moja moja kwa ada ndogo, mi nalipa leo, na najua wengi humu mtalipa.

Kwa anaeanza, mambo mawili. Oktoba 2024 walidukuliwa, taarifa za akaunti milioni 31 zikavuja na tovuti ikawa chini siku kadhaa, kwa hiyo paswedi ya huko isifanane na ya imeili yako. Na kabla hujabonyeza PDF angalia ukubwa wake pembeni, skani za zamani zinafika mamia ya MB na bando lako la siku litaisha kabla kamusi haijafika herufi B, EPUB (faili la maandishi tu) ni nyepesi ila imejaa makosa ya herufi, kwa hiyo kama unataka kurasa tatu nne soma humo humo mtandaoni, kama unakitaka chote subiri waifai ya bure ukipakue ukiweke kwenye memori kadi.