Kufuli kuukuu za bei nafuu: pa kuzipata Kisumu, Nakuru na magharibi mwa Kenya

Anayetaka kukusanya kufuli kuukuu ana bahati moja: karibu kila aliye nayo anaiona takataka. Ufunguo ukishapotea, kufuli hutupwa kwenye mkebe wa misumari, na hapo ndipo bei yake iko chini kabisa. Siku itakaposuguliwa kwa Brasso na kuwekwa kwenye kabati la kioo, itageuka pambo na utatajiwa bei ya mtalii. Ndiyo maana nimewatanguliza wauzaji ambao kwao kufuli ni kero, nikawaweka mkiani wale ambao kwao ni urembo.

Kabla ya kutoa hata shilingi, pekua nyumbani. Familia iliyosomesha watoto shule za bweni haikosi sanduku la bati na kufuli yake. Waulize shangazi na wajomba pia, hasa wenye ghala la mahindi au duka lililofungwa. Hizo ni za bure, na historia yake unaijua.

Katika kununua, nafasi ya kwanza nampa fundi wa funguo, yule wa kando ya barabara mwenye kimeza, tupa na rundo la funguo ambazo hazijachongwa. Anabadilisha vitasa kila siku, na kinachotolewa mlangoni mara nyingi hubaki kwake ili atoe vipuri. Muulize kama ana kufuli zilizokufa, atakutolea debe zima. Kwa ndogo isiyo na ufunguo mimi sivuki shilingi 50. Nzito ya brasi naweza kufika 200, na ikiwa na ufunguo unaozunguka, 300. Usimwendee asubuhi, wakati kuna mtu amefungiwa nje ya ofisi yake na anamhimiza.

Lakini si bei tu inayomweka juu. Fundi atakufundisha unachonunua, na somo hilo hulipati penginepo. Akitazama tundu tu anajua ndani kuna nini. Tundu jembamba lenye mikunjo, la ufunguo bapa wenye meno, ni la pini, yaani vijiti vidogo vinavyosukumwa na meno hayo: mfumo ambao Mmarekani Linus Yale mdogo aliupatia hataza mwaka 1861 na 1865, na ndio uliomo katika kufuli nyingi za leo. Tundu la duara lenye mkia chini, la ufunguo wenye fimbo na ulimi, huwa la leva au la vizuizi. Leva ni vibamba vinavyopaswa kuinuliwa kila kimoja kwa kimo chake, wala kisipite. Wazo hilo ni la Mwingereza Robert Barron, 1778. Kufuli ya vizuizi ndiyo yenye muundo mwepesi kuliko zote: ina kuta ndogo ndani, na ufunguo umekatwa nafasi za kuzipita. Anayeanza anunue moja ya kila aina kabla ya kufikiria majina ya watengenezaji. Na kwa kufuli iliyofungwa isiyo na ufunguo, mlipe fundi huyo huyo akuchongee. Mara nyingine gharama hiyo itapita bei ya kufuli yenyewe, lakini kufuli inayofanya kazi ina raha nyingine kabisa.

Nafasi ya pili ni kwa wauza chuma chakavu. Hapa unauziwa kwa kilo, kwa hiyo jua unapima nini: brasi ni ghali mara nyingi kuliko chuma, na muuzaji anajua hivyo kukushinda. Beba sumaku, iliyong'olewa kwenye spika mbovu ya redio inatosha. Iguse kwenye mwili wa kufuli, mbali na upinde wa juu, kwa kuwa upinde huo kwa kawaida ni chuma hata kama mwili ni brasi. Ikinasa kwa nguvu, ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Isiponasa, usishangilie bado: kwaruza kidogo chini. Rangi ya kijivu ikitokea, ni zinki.

Biashara hii ina sheria yake tangu mwaka 2015, na Januari 2022 serikali iliisimamisha nchi nzima kwa muda kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu. Nunua kwa mwenye leseni, na uombe risiti hata kama ni ya shilingi 80. Nasema hivi hasa kwa ajili ya kufuli za reli. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, ikapita Nakuru kabla ya hapo, na mkusanyaji yeyote wa pande hizi anaota kupata kufuli yenye herufi E.A.R.&H., za shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki lililoundwa 1948. Zinavutia kweli. Ila ukiikuta mpya mpya, na muuzaji hataki kusema ilitoka wapi, iache hapo hapo. Mali ya wizi haiwi kumbukumbu.

Tatu ni wanaouza mbao, milango na madirisha ya majengo yaliyobomolewa. Wengi hupita bila kuangalia, kwa sababu wanatafuta kufuli za kuning'inia peke yake. Kwenye milango hiyo kuna vitasa vya leva mbili au tatu bado vimekaza, vingine vimeandikwa Union, jina la kampuni ya Josiah Parkes ya Willenhall, mji wa Uingereza ulioishi kwa kufuli. Ukikuta Chubb, usitoke bila hicho kitasa: kampuni hiyo ilianza na hataza ya 1818, ya kitasa kinachojikwamisha mtu akijaribu kukichokonoa, kisha mwenyewe akajua kilichezewa. Kutoka upande wa Nakuru, Njoro na Molo, zilikokuwa nyumba za masetla, tazamia vitasa vya Kiingereza. Kwenye milango ya maduka ya zamani ya Wahindi mjini Kisumu tafuta Godrej, iliyoanza kutengeneza kufuli Bombay mwaka 1897. Tatizo ni kwamba muuzaji anataka kuuza mlango mzima. Nenda na bisibisi yako, na uahidi kutouharibu ubao.

Soko la Kibuye siku ya Jumapili nimeliweka la nne, na najua wenyeji wa Kisumu watanigombeza. Raha ipo: wanaotandika vyuma juu ya magunia hawakosi kitu. Ila kufuli zimetawanyika kwa wauzaji wengi, jua ni kali, na ukionyesha hamu bei inapanda. Shika kwanza bawaba usiyoitaka, uliza bei yake, kisha ile kufuli iulizie kana kwamba umeikumbuka tu. Zile Tri-Circle za Yantai, Uchina, zimejaa kila mahali. Nzee za brasi nzito zinafaa kujifunzia, mradi usilipe zaidi ya nusu ya bei ya mpya dukani.

Maduka ya vitu vya kale na mtandao ni mwisho wa orodha. Kufuli ni nzito, na ukiagiza kutoka ng'ambo nauli na ushuru vitaimeza bei nzuri uliyodhani umepata. Subiri hadi ujue kasoro ya mkusanyiko wako ni ipi.

Ukifika nayo nyumbani, usikimbilie msasa. Ilowe kwenye mafuta ya taa usiku kucha, isugue kwa mswaki mkuukuu, kisha ndani utie unga wa risasi ya penseli badala ya grisi, ambayo hunasa vumbi. Maandishi yaliyofifia yaache yalivyo. Ndiyo yanayokuambia imetoka wapi. Ukiingia mchezo wa kuzifungua bila ufunguo, fanyia mezani kwako na kwa kufuli zako mwenyewe. Sheria ya Kenya inahesabu kosa kukutwa usiku na vifaa vya kuvunjia nyumba bila sababu halali, na askari wa doria hatakuwa na subira ya kusikiliza habari za Barron na leva zake.