Dawa ya pancha ya Stan's: inavyofaa na isivyofaa kwa mbio ndefu kwenye miiba ya Usukumani

Anayejiandaa kwa mbio za baiskeli za kilomita 100 na zaidi kwenye vichaka vya Usukumani aanze na miiba. Gia na mengine yafuate. Njia za ng'ombe kati ya Kisesa na Magu, au zile za ufukweni kutoka Igombe kuelekea Kayenze, zina miiba ya namna mbili, na kila namna inaua tairi kivyake. Mbigili hutambaa kwenye mchanga pembeni mwa njia. Kitunda chake kikikauka hupasuka vipande, na kipande kikianguka vyovyote vile, ncha moja hubaki imeangalia juu. Mwiba wenyewe ni wa milimita chache tu, ila tairi linaweza kuzoa kumi kwa mpigo. Namna ya pili ni mwiba wa mgunga: mweupe, mgumu kama msumari, sentimita 5 na hata zaidi. Kwenye mbuga za udongo mweusi iko migunga mifupi yenye vinundu vya sisimizi, na matawi yake yakikatwa kwa ajili ya boma la mifugo, mabaki huachwa njiani.

Dawa ya pancha ya Stan's NoTubes, ile ya kawaida ya maji meupe, inaimaliza mbigili kabisa. Kwa mgunga inasaidia nusu. Kwa jiwe la Mwanza haisaidii. Tunaipendekeza bila kusita, lakini kwa anayekubali kuiandaa mapema na kwa mikono yake, kwa sababu sehemu kubwa ya lawama zinazotupiwa dawa hii hutokana na ringi iliyofungwa vibaya au chupa isiyotikiswa.

Dawa hii ni utomvu wa mpira uliochanganywa na chembechembe ndogo. Hutumika kwenye tairi lisilo na tyubu ndani, yaani tyubulesi. Dawa inazunguka ndani, mwiba ukitoboa upepo unaisukuma kwenye tundu, chembe zinajibana, utomvu unaganda juu yake. Ndiyo maana lazima chupa itikiswe kwa nguvu dakika nzima na dawa imiminwe papo hapo. Ukitikisa kisha ukaiacha wakati unatafuta bomba la sindano, chembe zinashuka chini na unamimina maziwa matupu, yasiyoziba kitu. Msiichanganye na ile dawa nzito ya kijani inayouzwa kwa ajili ya bodaboda. Ile ni ya kukaa ndani ya tyubu, haigandi, na kwenye tairi jepesi la baiskeli lisilo na tyubu inaongeza uzito bila kuziba vizuri.

Kazi halisi iko kwenye ringi. Safisha kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Utepe wa ringi, ule unaofunika matundu ya spoku ili upepo usitoke, uwe mpana kuliko upana wa ndani wa ringi kwa milimita 5 hivi: ringi ya milimita 25 inataka utepe wa 30. Anzia sentimita chache kabla ya tundu la valvu, vuta kwa nguvu ulale bila mikunjo, zungusha mara mbili, malizia ukiwa umelipita tundu hilo kwa sentimita 10. Tundu la valvu lifunguliwe kwa msumari mwembamba uliopashwa moto. Ukikata msalaba kwa wembe, utepe utachanika kuanzia pale pale siku yoyote ile. Kisha vaa tyubu ya kawaida, jaza upepo, uache usiku kucha. Tyubu inaukandamiza utepe ukashika. Hatua hii watu wengi wanairuka, na ndiyo inayowafanya wasikie upepo ukitoka kwenye vichwa vya spoku wiki moja baadaye. Upepo ukitokea kwenye spoku, usiongeze dawa. Kosa ni la utepe, na kila tone unaloongeza linakwenda kuozesha vichwa vya spoku.

Siku inayofuata toa tyubu, weka valvu, paka maji ya sabuni kwenye kingo za tairi na ulipandishe likiwa kavu ndani. Pampu ya mkono mara nyingi haitoshi kukalisha kingo. Unahitaji upepo mwingi kwa ghafla. Kompresa ya fundi wa pikipiki barabarani inafanya kazi hiyo vizuri, ila kichwa chake ni cha valvu nene, hivyo nenda na kile kiunganishi kidogo cha shaba cha valvu nyembamba aina ya Presta. Unaweza pia kutoa kiini cha valvu ili upepo upite kwa kasi. Utasikia mlio mkubwa mara mbili, paa, paa: kila ukingo umekaa. Usizidishe presha iliyoandikwa kwenye tairi au ringi, na usiiamini geji ya kompresa, beba ya kwako. Kingo zikishakaa, toa upepo, kiini kikiwa nje ingiza dawa kwa bomba la sindano la mililita 60 linalouzwa duka la dawa, rudisha kiini, jaza. Zungusha gurudumu, litikise, lilaze juu ya ndoo dakika kumi upande mmoja, kisha upande wa pili. Endesha kilomita 10 siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa inasambaa vizuri kwa mwendo.

Kiasi. Kwa tairi la inchi 29 lenye upana wa 2.25, weka mililita 120, yaani mabomba mawili kamili. Nusu yake inatosha mahali pasipo miiba, lakini hapa kila mbigili inakula tone lake, na kuta za ndani za tairi jipya hunyonya sehemu kabla hujatoka nyumbani. Usihofie uzito: tyubu uliyoitoa ina gramu 200 hivi, kwa hiyo bado umepunguza. Watengenezaji wanasema dawa hukaa majimaji miezi 2 hadi 7. Kwa baiskeli inayolala chini ya bati kwenye joto letu, shika ile miwili. Njia ya kupima ni rahisi: legeza upepo, toa kiini, ingiza kijiti chembamba cha plastiki. Kikitoka na dawa ya maji, sawa. Kikitoka kikavu au na utando kama wa uji uliopoa, fungua tairi, bandua magamba ya zamani, weka mpya. Kwa ajili ya mbio, dawa mpya iingie siku 10 kabla. Ukiiweka jioni ya kuamkia mbio, hutajua kama kuna mahali inapovuja. Ukiiweka miezi mitatu kabla, unapeleka tairi kavu porini.

Presha inabadilisha kila kitu. Mwendeshaji wa kilo 70 aanze na psi 20 mbele na 22 au 23 nyuma, kisha aongeze 2 ikiwa njia inapita kwenye miamba. Pima alfajiri, kivulini. Tairi lenye psi 22 kwenye nyuzi joto 20 litafika psi 24 hivi likipashwa na jua hadi 40, hivyo ukipima mchana na kupunguza, kesho yake alfajiri unaanza safari na tairi laini linalogonga ringi kwenye jiwe la kwanza.

Sasa mgunga. Tundu lake dawa inaliziba mara nyingi. Tatizo ni urefu: mwiba uliopita kwenye kashata, yaani uso wa tairi unaokanyaga njia, unabaki umesimama ndani, na tairi likibonyea kwenye jiwe, ncha inafika kwenye ringi na kutoboa utepe. Kwa hiyo mbigili uiache mpaka mwisho wa mbio, kwa kuwa imejiziba yenyewe, lakini mwiba mrefu ung'oe mara uuonapo. Shusha tundu liangalie chini, ng'oa kwa plaizi, acha dawa ikusanyike hapo, zungusha. Tundu likiendelea kupumua baada ya nusu dakika, sukuma ndani tambi ya mpira, kile kijiti laini cha kuzibia tundu kutoka nje. Usisubiri zaidi, kwa sababu tairi likipoteza nusu ya upepo wake, ukingo unaweza kubanduka kwenye ringi na kazi yote inaanza upya bila kompresa.

Jiwe ndilo adui asiye na dawa. Miamba ya huku ni ya matale, na changarawe inayomeguka humo ina kingo kali zinazochana ubavu wa tairi. Mchano wa sentimita 1 ubavuni hauzibwi na utomvu wowote. Nunua tairi lenye ubavu ulioimarishwa hata kama ni zito kidogo, hasa la nyuma, na beba kipande cha tyubu ya dawa ya meno iliyokatwa na kuoshwa. Kikiwekwa ndani nyuma ya mchano, kinaizuia tyubu ya akiba isitokeze nje.

Kwenye kuweka tyubu hiyo ya akiba ndipo wengi wanapopoteza nusu saa. Tairi lililokimbia bila tyubu kwa miezi limebeba miiba mingi ambayo dawa ilikuwa ikiificha. Ukiingiza tyubu mpya bila kuitoa miiba hiyo, tyubu inatoboka kabla hujapanda. Pitisha kitambaa ndani taratibu, si kidole kitupu; kinaponasa pana ncha. Zing'oe zote, hata zile fupi kama punje ya mchele, ndipo uweke tyubu.

Mkobani viwe hivi: tyubu moja, tambi nyembamba na nene, kiini cha valvu cha akiba, plaizi ndogo, kitambaa, viraka na pampu ya mkono. Dawa ya akiba mililita 60 ikiwa mbio zinapita kilomita 100. Mitungi midogo ya gesi ya kaboni dioksidi iacheni. Baridi yake inaigandisha dawa ndani ya tairi.

Mwenye Phoenix au baiskeli nyingine yenye ringi za zamani asijilazimishe na tyubulesi, ringi zile hazikutengenezwa kushika ukingo bila tyubu. Huyo tyubu nene yenye dawa ya kijani, pamoja na ukanda wa tairi kuukuu lililokatwa kashata na kulazwa ndani, vitamfikisha. Wengine nunueni chupa ya mililita 473. Inajaza matairi mawili na kubakiza ya kuongeza kabla ya mbio zinazofuata, mradi ihifadhiwe kivulini na kufungwa vizuri.